Mashini ya Umeme Nayo Inahitaji Choo Chake

Ukilala usiku katika hospitali na kuona taa inawaka juu ya kitanda chako, unamshukuru Mungu kwa taa hiyo, na unafanya vema. Kwa taa hiyo munganga anapasua, mkunga anapokea mtoto, na damu ya kuongezea wagonjwa inakaa baridi katika frigo. Leo hospitali nyingi za Kongo zimepata umeme wa jua, lakini hata hizo zinaweka mashini ya mazutu, ile ambayo watu wanaiita grupu, kwa siku za mawingu na kwa kazi nzito. Sasa, mashini hii inakula na kunywa kama sisi, na kila kinachokula na kunywa kina uchafu wake. Ninyi mnajua tayari maneno ya choo cha watu: kichimbwe mbali na maji, kifunikwe, na mtu anawe mikono akitoka. Mashini nayo inahitaji choo chake. Isipopewa itajitafutia yenyewe, na mara nyingi choo inachokipata ni chemchemi ile ambamo mama yako anateka maji.

Pengine utasema: Neno hili ni la fundi wa hospitali, si langu. Ngoja kidogo. Kanisa lenye kinanda cha umeme na vipaza sauti lina grupu yake ndogo. Mashini ya kusaga mihogo kule sokoni ina mota. Kijana anayechaji simu za watu, naye ana mota. Tena wako wengi wanaopita mlango wa nyuma kumwomba fundi mafuta ya zamani, chupa moja tu, kwa kazi za nyumbani. Kwa hiyo tunasema na ninyi nyote.

Uchafu huu ni nini?

Ndani ya mota mna mafuta yanayolainisha vyuma ili visisagane. Yanapoingia ni ya rangi ya asali. Yakiisha kufanya kazi katika moto kwa saa 250 hivi, fundi anayatoa, nayo ni meusi kama sufuria iliyokaa juu ya mafiga. Weusi huo una masizi ya mazutu iliyoungua, una unga wa vyuma ambao jicho haliuoni, na una dawa ambazo kiwanda kilitia ili mafuta yadumu.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme hospitali moja inawasha mashini saa 5 kila usiku. Kwa siku 50 zinatimia saa 250. Basi kwa mwaka fundi anabadili mafuta mara 7. Kama mota inachukua lita 12, hizo ni lita 84 kwa mwaka, karibu nusu ya pipa kubwa la lita 200. Kwa miaka 20 ni zaidi ya mapipa 8. Mapipa hayo 8 yako wapi? Uliza swali hili mahali popote penye mashini ya namna hiyo. Ukiona watu wanatazamana bila kujibu, zunguka ukatazame nyuma ya nyumba ya mashini.

Na hayo ni mafuta ya kubadili tu. Kuna maji machafu yanayokusanyika chini ya tangi ya mazutu na kutolewa kwa robine. Kuna filtri ya zamani iliyoshiba mafuta. Kuna matambara, na mazutu ambayo fundi aliosha nayo vyuma. Kisha kuna tone. Mnalijua tone lile linaloanguka chini ya mota, ambalo fundi amelizoea hata halioni tena. Matone 20 ni kama mililita 1. Tone moja kwa kila sekunde, kwa muda wa saa 5, ni matone 18,000, maana yake karibu lita 1 kila usiku. Kukaza mahali pamoja panapovuja kunaweza kuzuia uchafu mwingi kuliko kazi zote tutakazozieleza hapa chini. Mimi nikiingia katika nyumba ya mashini natazama kwanza sakafu. Fundi mwenye sakafu kavu ni fundi mzuri, hata kama hakusoma sana.

Shimo la nyuma

Desturi ya mahali pengi ni hii. Wanachimba shimo nyuma ya nyumba ya mashini na kumwaga mafuta humo. Udongo unayanywa, kesho yake shimo ni tupu, na kila mtu anafurahi. Lakini kunywa si kula. Udongo umeyameza tu, haujayamaliza.

Fikiri sasa mahali nyumba ile ilipo. Misheni nyingi zilijengwa juu ya kilima, kwa ajili ya upepo mzuri. Mashini ina kelele, na wagonjwa wanataka kulala, basi nyumba yake iliwekwa mbali na wodi, pembeni, kwenye mtelemko. Na chini ya mtelemko kuna nini? Kuna chemchemi. Waliojenga hawakutaka kutia sumu majini. Walitaka wagonjwa wapate usingizi. Lakini mvua kubwa inapojaza shimo, mafuta yanaelea juu ya maji, yanapita ukingo na kutelemka. Na yale yaliyoingia chini yanashuka polepole mpaka yakute maji ya ardhini, kisha yanasafiri pamoja nayo. Mazutu ni nyepesi, inatangulia. Mafuta mazito yanafuata. Safari hii inaweza kuchukua miaka. Fundi aliyemwaga anaweza kuwa amekwisha kustaafu siku harufu inapofika kisimani.

Sheria ya Musa ilijua neno la shimo. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, mtu akichimba shimo na kuliacha wazi, na ng'ombe wa jirani akatumbukia na kufa, mwenye shimo analipa. Haiulizwi kama alikusudia. Na shimo letu lina ubaya zaidi ya lile, kwa sababu ng'ombe aliyetumbukia watu wanamwona.

Idara ya serikali ya Marekani inayolinda maji na hewa inafundisha kwamba mafuta yanayotolewa mara moja tu katika mota ya gari moja yanaweza kuharibu karibu lita milioni 4 za maji mazuri. Msielewe vibaya. Haina maana kwamba kila atakayekunywa atakufa. Maana yake ni kwamba maji hayo yananuka, yana ladha mbaya, na hayafai tena kuwa maji ya kunywa. Na watu waliofukuzwa na harufu kwenye chemchemi watafanya nini? Watarudi mtoni. Huko wanakutana na kipindupindu na homa ya matumbo. Hivi ndivyo mafuta yaliyomwagwa na hospitali yanavyoweza kuijaza hospitali hiyo hiyo wagonjwa wa kuhara, na hakuna atakayeandika neno mafuta kwenye karatasi ya mgonjwa.

Tena sikilizeni neno hili, maana linawapita wengi. Mmefundishwa kuchemsha maji ya kunywa, na mwendelee kuchemsha. Kuchemsha kunaua wadudu wa kuhara. Lakini hakuwezi kuyafanya maji yenye mafuta machafu kuwa mazuri. Dawa ya klori haiwezi. Kuchuja kwa kitambaa hakuwezi. Maji yakiisha kuingiliwa na mafuta, dawa yake ni kutafuta maji mengine. Ndiyo sababu kazi yote iko kule juu, kabla hayajashuka.

Mama anayepika mawese anajua kazi hii

Maji yaliyoosha sakafu ya nyumba ya mashini yamechanganyika na mafuta. Tutayatenganisha namna gani? Mwulize mama anayepika mawese. Anatwanga ngazi, anazitia katika maji ya moto, kisha anangoja. Mafuta yanapanda juu, yeye anayakusanya kwa kijiko kipana, na maji yanabaki chini. Hafanyi haraka. Akikoroga wakati ule atapoteza mafuta yake.

Mtego wa mafuta ni sufuria ile ile, ila umejengwa kwa matofali. Jengeni sanduku refu ardhini lenye vyumba 3, lipakwe simenti ndani lisivuje. Maji machafu yanaingia katika chumba cha kwanza, na mchanga unazama hapo. Kutoka chumba hata chumba maji yasipite juu ya ukuta. Yapite katika bomba lililopindwa, ambalo mdomo wake unatazama chini na kuteka karibu na sakafu. Kwa kuwa mafuta yanakaa juu, mdomo ule unapata maji tu. Maji yanayotoka mwisho yaende katika shimo la mawe, mbali na chemchemi na upande mwingine wa mtelemko kama inawezekana. Ukubwa wa sanduku uwe zaidi ya maji yote mnayoosha nayo kwa siku moja, ili yapate usiku mzima wa kutulia. Na siku ya kwanza lijazwe maji safi kabla halijatumika. Likiwa tupu, mafuta yatapita chini pamoja na maji ya kwanza.

Kwa nini usiku mzima? Tone la mafuta lenye unene wa sehemu ya kumi ya milimeta linapanda meta 1 kwa dakika 20 hivi. Lakini tone lenye unene wa sehemu ya mia ya milimeta linataka zaidi ya siku nzima kwa safari hiyo hiyo. Matone makubwa yanapanda, matone madogo yanapotea na maji. Kwa hiyo kila kitu kinachovunja mafuta kuwa matone madogo ni adui wa mtego.

Na adui mkubwa kati yao ni sabuni. Mtashangaa, kwa sababu kila mahali tunaisifu sabuni. Hapa peke yake tunaikataza. Kazi ya sabuni ni kuyavunja mafuta na kuyaunganisha na maji. Ndiyo maana inatoa mawese katika sahani. Ukiosha sakafu ya mashini kwa sabuni, mafuta yatapita vyumba vyote 3 yakiwa yamejificha ndani ya maji meupe kama maziwa, na mtego hautashika kitu. Mafuta yakimwagika sakafuni, nyunyiza unga wa mbao au mchanga mkavu, ngoja yanyonywe, fagia, tia katika ndoo ya chuma yenye kifuniko. Maji yawe ya mwisho, tena kidogo.

Adui wa pili ni mvua. Maji ya mabati yasiingie hata kidogo katika mtego. Mvua moja ya Aprili inaweza kusukuma nje mafuta yote yaliyokusanywa kwa miezi 3. Wekeni mfereji wa kuipeleka kwingine, na juu ya sanduku wekeni kifuniko.

Kila juma mtu mmoja mwenye jina, si yeyote tu, afunue mtego na kuyateka mafuta yaliyo juu, ayatie katika pipa. Kisha ateke maji yanayotoka mwisho, katika chupa ya kioo, ayatazame juani. Akiona rangi za upinde wa mvua, kuna kazi.

Pipa na mahali pake

Mafuta meusi yarudi katika pipa zima lisilo na kutu, lenye kizibo cha kukazwa. Lisiwekwe juu ya udongo. Liwekwe juu ya miti 2, ili mtu aweze kuinama na kuona kama linavuja. Chini yake iwe sakafu ya simenti yenye ukuta mfupi pande zote, usio na tundu, unaoweza kushika mafuta yote ya pipa lile kama likipasuka. Juu iwe na bati, na mlango wenye kufuli. Andikeni SUMU kwa rangi nyekundu, tena chora kichwa cha mfu kwa ajili ya wasiojua kusoma.

Filtri ya zamani itobolewe kabla haijapoa, igeuzwe kichwa chini juu ya pipa kwa saa 12, ndipo itoe mafuta yake. Mafuta ya mota yasichanganywe na maji, wala na asidi ya betri, wala na dawa za hospitali. Mafuta yaliyo peke yake anayetaka kuyapokea anaweza kupatikana. Yaliyochanganyika hayana mtu.

Pipa likijaa, liende wapi? Lori lililoleta mazutu linarudi mjini tupu. Neno hili lipatanwe na muuzaji wakati wa kununua, kabla ya kulipa: atayapokea mafuta ya zamani, na atatoa karatasi inayosema yanakwenda wapi. Viwanda vya simenti katika nchi nyingi vinayachoma katika tanuru zenye moto wa digrii 1,400 na zaidi, na katika moto mkali namna hiyo sumu nyingi inaungua. Moto wa shimoni hauna nguvu hiyo. Kuyachoma nyuma ya nyumba ni kuyatoa ardhini na kuyatia katika vifua vya watu, na hasa watoto. Wala yasitiwe katika tanuru ya mkate.

Usimwombe fundi mafuta ya zamani

Katika mwezi wa Septemba 1959, katika mji wa Meknes, nchi ya Maroko, watu walianza kufika hospitali na miguu isiyo na nguvu. Walikuwa maskini wengi wao. Kwanza miguu inauma, kisha mguu hauinuki, kisha mikono nayo inalegea. Wanganga walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Baadaye walivumbua kwamba wagonjwa wote walikuwa wamekula mafuta ya kupikia ya bei rahisi. Wafanya biashara walikuwa wamenunua mafuta ya mashini za ndege, yaliyokuwa hayatakiwi tena katika kambi ya jeshi la Marekani, wakayachanganya na mafuta ya kupikia na kuyauza. Watu karibu 10,000 walipooza. Msalaba Mwekundu ulileta watu kutoka nchi nyingi kuwafundisha kutembea tena, na wengi walipata nafuu, lakini wengine walibaki na kilema.

Sumu ya Meknes ilikuwa ya namna yake, iliyotiwa katika mafuta ya ndege, na si kila mafuta ya mota yanayo. Lakini tazama njia iliyopita. Mafuta ya mashini yaliacha mahali pake, yakaingia katika chombo cha chakula, na kutoka hapo macho hayakuweza kuyatambua. Sasa tazama bidoni ya manjano ya lita 20. Leo inabeba mawese, kesho maji, kesho kutwa mazutu, na juma lijalo tena mawese. Mimi ninaiogopa bidoni hiyo kuliko nyoka. Bidoni iliyobeba mazutu au mafuta meusi itiwe alama ya rangi isiyotoka, na isirudi kamwe kwa chakula wala kwa maji. Kuiosha kwa majivu hakutoshi, maana plastiki inanyonya harufu na mafuta pamoja.

Wala usiweke mafuta ya taa au mazutu katika chupa ya soda. Mtoto akinywa, usimtapishe. Usimpe maziwa wala mawese ili atapike. Akitapika mafuta yanaingia katika mapafu, na hapo ndipo kifo kilipo, si tumboni. Mvue nguo zilizolowa, mfute, mlete hospitali mbio hata kama anaonekana mzima, kwa sababu kukohoa na kuhema kunaweza kuja baadaye.

Watu wengine wanapaka mafuta meusi juu ya upele wa watoto. Wadudu wa upele wana dawa yake hospitalini, na ngozi ya mtoto inanyonya. Wengine wanapaka mbuzi na mbwa wenye ukurutu. Mnyama anajilamba, naye ameyala. Ng'ombe wanapenda kabisa kulamba mafuta haya, basi nguzo za zizi zisipakwe kwa ajili ya mchwa. Na wengine wanayamwaga katika madimbwi ili kuua mbu. Hawa wana sababu, maana wanganga wa zamani walifanya hivyo: huko Panama, tangu 1904 hata 1914, Gorgas wa jeshi la Marekani alieneza mafuta juu ya maji yaliyosimama, ili watoto wa mbu wakose pumzi. Lakini hawakuwa na vyandarua vyenye dawa kama sisi, na dimbwi la karibu na nyumba linafukiwa kwa jembe katika nusu saa.

Kama kwenu kuna transfo ya zamani ya umeme, mafuta yake yasiguswe na mtu yeyote. Transfo nyingine zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 zina sumu inayoitwa PCB. Katika Japani, mwaka wa 1968, sumu hiyo ilivuja kiwandani na kuingia katika mafuta ya kupikia ya pumba za mchele. Watu walitoka vipele vyeusi, macho yakavimba, na watoto wengine walizaliwa na ngozi yenye weusi usio wa kawaida. Mtu akikuuzia sokoni mafuta mepesi ya kukaangia yasiyoungua upesi, na hawezi kusema yametoka wapi, uache mkate wake.

Mikono ya fundi

Fundi ni ndugu yetu, naye anapata hatari ya kwanza. Katika viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, wanaume walisimama miaka mingi mbele ya mashini zilizorusha mafuta juu ya nguo zao, chini ya kiuno. Mwaka wa 1922 wanganga 2 wa Manchester, Southam na Wilson, waliandika kwamba kati ya wagonjwa wao wenye kansa ya ngozi ya sehemu za siri, karibu nusu walikuwa wafanyakazi wa mashini hizo. Nguo iliyolowa mafuta ilikuwa inagusa ngozi ile kila siku.

Kwa hiyo, fundi, usitie tambara la mafuta mfukoni. Suruali ya kazi ibaki kazini, ifuliwe kila juma, peke yake. Usinawe kwa mazutu wala kwa petroli, maana zinaondoa mafuta ya ngozi yenyewe na kuiacha ikipasuka. Jipake kwanza mawese kidogo, sugua, futa kwa karatasi, ndipo unawe kwa sabuni na maji katika beseni, si juu ya sakafu ya mtego. Ukiwa na kidonda kidogo au kinundu kisichopona, hata mahali pa aibu, mwonyeshe munganga. Yeye ameona mengi.

Udongo uliokwisha kulowa

Katika udongo mna viumbe vidogo sana, Mungu aliviweka humo, vinavyoweza kula mafuta. Lakini vinataka hewa, na ndani ya shimo hakuna hewa. Basi chimbueni udongo ulionuka, utandazeni mahali tambarare penye udongo wa mfinyanzi, mbali na maji, unene usipite sentimeta 15, na kuzungukwa na ukingo wa kuzuia mvua. Changanyeni na samadi ya ng'ombe, ulowe kidogo, mgeuze kwa jembe kila juma. Mazutu itakwisha kwa miezi. Mafuta meusi yanakawia sana, na unga wa vyuma hauliwi na kiumbe chochote, kwa hiyo msipande mihogo wala sombe hapo.

Ukiona utando juu ya chemchemi

Siku moja utaona juu ya maji utando wenye rangi za upinde wa mvua. Usikimbie bado kumlaumu fundi. Nchi yetu ina udongo mwekundu wenye chuma kingi, na viumbe vidogo vinavyoishi kwa chuma vinatengeneza utando unaong'aa sawasawa na mafuta, hata mahali pasipofika mashini. Chukua kijiti upitishe juu ya utando. Ukivunjika vipande vipande kama ganda la yai, na vipande visirudiane, huo ni wa chuma, na mara nyingi utaona matope ya rangi ya kutu chini yake. Ukijikusanya tena nyuma ya kijiti na kuziba njia yake, hayo ni mafuta. Nusa pia.

Ikiwa ni mafuta, watu waache kuteka hapo siku ile ile. Mmoja aende kwa mkuu wa hospitali, mwingine apande mtelemko kutafuta yanapotoka. Wengine wakate nyasi kavu, wazifunge mafungu marefu, wayaweke kukata kijito upande wa chini, yakielea juu ya maji. Mafuta yatashikwa na nyasi, maji yatapita chini. Badilisheni mafungu kila siku mpaka utando uishe, na nyasi zilizolowa msiziache kando ya maji; zitieni katika pipa tupu lenye kifuniko, ndani ya ule ukuta mfupi.